Mlete Akifika Miaka 12

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii;
kwa Afande Inspekta Jenerali wa Polisi;
kwa Waheshimiwa mahakimu wa Mahakama za Familia na Watoto;
na kwa wakuu wa wilaya, hasa wa wilaya zetu za mpakani.

Salaam nyingi kutoka Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya.

Nilivaa sare ya Magereza kwa miaka 26, na katika miaka hiyo nilikuwa na swali moja ambalo nilimuuliza karibu kila mfungwa aliyepita mikononi mwangu. Sikumuuliza amefanya nini, kwa sababu hilo lilikuwa limeandikwa tayari kwenye karatasi iliyomleta. Nilimuuliza: mara yako ya kwanza kabisa kuchukua kisicho chako, au kumpiga mtu mpaka akatoka damu, ulikuwa na umri gani? Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha yetu ya kazi, askari kwa mfungwa, Mwacholi kwa Msoga, Mteso kwa Mnyankole, kwa hiyo swali lilimfikia kila mtu. Wengi walicheka kwanza. Halafu wakanyamaza. Halafu wakautaja umri, na umri ukishatajwa hadithi ilitoka yenyewe.

Sasa nimestaafu. Nimejenga mwendo mfupi wa baiskeli kutoka mpakani, na wanakijiji wamenichagua makamu mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji. Mnajua wenyewe kwamba kwa sheria zetu makamu ndiye anayebebeshwa mambo ya watoto wa kijiji. Hivyo watu wale wale niliowaona mwisho wa safari, wakihesabiwa jioni kabla ya lukapu, yaani kufungiwa wodini, sasa nawaona mwanzo wa safari, wakiwa na kaptura zilizopasuka nyuma. Ndiyo sababu naandika. Nimeona pande zote mbili, na katikati nimeona pengo ambalo nyinyi mna uwezo wa kuliziba: mtoto anayeanza makosa kabla ya miaka 12 hana mtu wa kumshughulikia.

Nianze na majibu ya wafungwa.

Mtu mmoja aliyekuwa na kifungo kirefu cha unyang'anyi wa kutumia silaha aliniambia: "Nane, afande. Nilianza na mayai ya kuku wa jirani." Akaenda mbele bila kuulizwa. Alipofika miaka 10 alikuwa anaiba sufuria na kuziuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Akiwa na 12, baiskeli. Akiwa na 14 alikuwa mwembamba kiasi cha kupitishwa dirishani na wakubwa ili awafungulie mlango kwa ndani. Akiwa na 17 alikuwa na panga. Humo katikati kulikuwa na bangi, kulikuwa na ugomvi wa baa, kulikuwa na msichana aliyelazimishwa, na hilo la msichana alilisema akitazama chini. Nilipomuuliza yeye ni mwizi wa aina gani, hakunielewa. Hakuwa na aina. Alifanya chochote kilichokuwa mbele yake.

Jibu la namna hiyo nililisikia mara nyingi, na kila lilipoanzia miaka 7, 8 au 9 lilikuwa na umbo hilo hilo: makosa mengi, ya kila rangi, kwa miaka mingi.

Walioanza na miaka 15, 16 au 17 walizungumza tofauti kabisa. Kwao neno la kwanza lilikuwa "sisi". Sisi tulikuwa tunavusha petroli usiku. Sisi tulipora simu baada ya mechi. Kosa lao lilikuwa na marafiki ndani yake, na mara nyingi lilikuwa na mwisho: mmoja alioa, mwingine akapata pikipiki ya boda boda kwa mkopo, wa tatu akahamia Jinja kwa mjomba wake. Aliyebaki gerezani alikuwa ni yule aliyeshikwa siku ile, wala si lazima awe mbaya kuliko wenzake waliokimbia.

Halafu kulikuwa na walioanza wakiwa watu wazima, na hao ndio walionishangaza nilipokuwa askari kijana. Katika wodi ya wauaji niliwakuta watu wengi ambao hawakuwahi hata kulala selo siku moja kabla ya siku ile. Mzozo wa mpaka wa shamba na ndugu wa baba mmoja. Wivu. Waragi siku ya mazishi. Walikuwa wafungwa watulivu, wengine wakawa manyapara, wafungwa wanaowasimamia wenzao, tuliowaamini na funguo za stoo. Na walikuwepo wa kalamu: mhasibu, mweka hazina wa chama cha akiba, karani. Hao huanza na miaka 35 au 40 kwa sababu rahisi kwamba mtoto wa miaka 10 hana sahihi benki. Tangu 2008 nchi yetu ina kitengo cha Mahakama Kuu kinachoshughulikia ufisadi peke yake, na wanaosimama kizimbani pale hawakuanza na mayai ya kuku.

Nilidhani hayo ni mambo niliyoyaona mimi tu, mpaka nilipostaafu nikapata muda wa kusoma. Kumbe wako watu waliokaa na swali hili maisha yao yote. Kusini mwa London, mwaka 1961, watafiti walianza kuwafuatilia wavulana 411 wa mitaa ya wafanyakazi, wakiwa na umri wa miaka 8 hivi, na hawakuwaacha mpaka walipokuwa wazee wa makamo. David Farrington, aliyeuongoza utafiti huo kwa miaka mingi, alionyesha kwamba aliyepatikana na hatia mapema ndiye aliyeelekea kurudi mahakamani mara nyingi zaidi na kwa miaka mingi zaidi. Na walipotazama nyuma, dalili zilikuwepo mtoto akiwa na miaka 8 hadi 10: umaskini wa nyumbani, mzazi mwenye historia ya mahakama, malezi ya vipigo, kushindwa darasani. Katika mji wa Philadelphia, Marekani, hesabu iliyochapishwa mwaka 1972 iliwachunguza wavulana 9,945 waliozaliwa mwaka 1945. Wavulana 627, yaani kama 6 katika kila 100, walibeba peke yao zaidi ya nusu ya makosa yote yaliyorekodiwa. Na New Zealand, kutokana na watoto 1,037 waliozaliwa Dunedin mwaka 1972 na 1973, mtaalamu wa saikolojia Terrie Moffitt aliandika mwaka 1993 kwamba ndani ya kundi tunaloliita "vijana wahalifu" kuna watu wa namna mbili. Wako wachache walioanza utotoni na wanaoendelea, na wako wengi wanaoingia wakati wa ujana na kutoka ujana ukiisha. Ukiwatazama wote wakiwa na miaka 16, hutawatofautisha. Wanafanya makosa yale yale, wanasimama kona ile ile. Anayeweza kuwatofautisha ni mtu anayejua walianza lini.

Hapo ndipo nataka mnisikilize kwa makini. Mashtaka ya mtoto yanatuambia alichofanya Jumanne iliyopita. Umri wa kosa lake la kwanza unatuambia amekuwa akizama kwa muda gani. Sisi mafaili yetu yote yanaanza na mashtaka.

Mtaniambia watoto wa London si watoto wa Busia, na nawakubalia. Hapa mtoto wa miaka 9 anaiba mkate kwa sababu hajala tangu jana, na huo si ugonjwa wa tabia, ni njaa. Hapa kuna mpaka, na mtoto anayebeba kilo mbili za sukari kupitia kichochoro amefundishwa na mama yake kwamba hiyo ni kazi. Huku Tiira kuna machimbo ya dhahabu, watoto wanachekecha udongo na kushika zebaki kwa mikono mitupu, na anayeshika pesa ya mtu mzima akiwa na miaka 10 anaanza pia kukaa na watu wazima, kunywa nao, na kujifunza kwao. Lakini ninachokiona ni kwamba mazingira yetu yanaufanya mwanzo uwe wa mapema zaidi, kwa hiyo hoja inazidi nguvu kwetu kuliko kwao.

Sasa niwaeleze kuhusu mtoto mmoja. Sitamtaja jina, na hata kijiji chetu sikitaji ili asijulikane. Ana miaka 9. Mama yake anaamka saa kumi usiku kwenda machimboni, baba yake alivuka kwenda Kenya na hajarudi. Shule aliacha akiwa darasa la pili, bado hajui kusoma jina lake. Mwaka jana aliletwa kwangu mara ya kwanza kwa shilingi 2,000 za dukani. Mara ya pili, sufuria ya jirani, iliyokutwa kwa mnunuzi wa chuma chakavu imeshapondwa. Mara ya tatu alimpasua mwenzake kichwa kwa jiwe kwa sababu ya mpira wa majani ya migomba. Nimeyaandika yote kwenye kaunta buku, tarehe kwa tarehe. Nilipomaliza kuandika la tatu niliweka kalamu chini, maana nilikuwa naisoma hadithi ya yule mfungwa wa mayai, neno kwa neno, ila safari hii ilikuwa bado haijaisha.

Nilimchukua kwa mkono nikaenda naye kwenye ofisi moja ya serikali. Siitaji, kwa kuwa sitaki mtu mmoja aadhibiwe kwa jambo ambalo ni la mfumo mzima. Afisa alinipokea kwa heshima, akanipa kiti, akasikiliza. Halafu akasema: "Mzee, huyu bado mdogo. Kisheria hana kosa. Mlete akifika miaka 12."

Hakuwa anafanya mzaha. Alikuwa anaisoma sheria kama anavyoielewa. Sheria ya Watoto inasema umri wa kuwajibika kwa jinai ni miaka 12, na ni sheria nzuri. Niliifurahia ilipopitishwa katika miaka ya 1990, na niliwahurumia majirani zetu wa upande wa pili, Kenya, ambao mpaka mwaka 2022 sheria yao iliruhusu mtoto wa miaka 8 kushtakiwa. Siombi umri huo ushushwe hata kwa siku moja. Yeyote atakayesoma barua hii na kutoka nayo akisema mzee wa Busia anataka watoto wa miaka 9 wafungwe, amenisoma kinyume.

Ninachosema ni hiki: tumesema mtoto wa chini ya miaka 12 hana hatia, halafu tukaelewa kwamba basi hana mwenyewe. Polisi hawamgusi, sawa kabisa. Mahakama haimgusi, sawa kabisa. Lakini afisa wa ustawi wa jamii na probesheni naye hamgusi kwa sababu hana mafuta ya pikipiki na ana wilaya nzima mabegani. Shule haimtafuti kwa sababu hayumo kwenye daftari la mahudhurio. Miaka ile ambayo mtoto anaweza kugeuzwa kwa chakula, kwa mwalimu mmoja mvumilivu na kwa mama aliyesaidiwa kupata kazi isiyomtoa nyumbani usiku, ndiyo miaka ambayo hakuna mtu kazini. Tunangoja afike 12. Na siku anafika 12 tunamkuta na miaka minne ya uzoefu.

Wanakijiji wao hawangoji. Wana methali yao, samaki mkunje angali mbichi, na wakishaitamka wanainua fimbo. Nimeishi na watu waliokunjwa kwa fimbo tangu wakiwa na miaka 6. Nilikuwa nikiwahesabu kila jioni. Methali hiyo ni ya kweli, lakini mkono wa kumkunja mtoto haukusudiwi kumvunja.

Na msidhani hatuna ujuzi. Uganda hii hii ilipata kupokea watoto waliokuwa wamefanya mambo ya kutisha kuliko sufuria. Gulu, wakati wa vita vya waasi wa Joseph Kony, kulikuwa na vituo vya kuwapokea watoto waliotoroka msituni, kama kile cha GUSCO kilichoanzishwa katikati ya miaka ya 1990. Walifika pale watoto walioshika bunduki wakiwa na miaka 10, wengine wameua kwa amri. Hakuna aliyewaambia warudi wakifika 12. Walilishwa, walisikilizwa, familia zao zilitafutwa, wazee waliwakanyagisha yai kwa desturi ya Kiacholi na kuwarudisha nyumbani. Wengi wao leo ni wazazi na wakulima. Tulijua wakati ule kwamba mtoto aliyeanza mapema ni wa kukimbiliwa.

Tunajua pia kinachotokea asipokimbiliwa. Dominic Ongwen alitekwa na waasi wa Kony akiwa na umri wa miaka 9 hivi, njiani kwenda shule, na baadaye akawa kamanda wao. Tarehe 4 Februari 2021 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimkuta na hatia katika mashtaka 61, na Mei mwaka huo ikampa kifungo cha miaka 25. Majaji waliutazama utoto wake walipopima adhabu, na hawakumpa kifungo cha maisha. Sisemi hana hatia. Waliochomewa nyumba katika kambi za wakimbizi wa ndani za Lukodi na Abok wanajua walichofanyiwa. Nasema tu kwamba mahakama kubwa kama hiyo iliona ni lazima iulize mtu huyu alianza akiwa na umri gani, na kwa mkono wa nani. Kwetu swali hilo halimo hata kwenye fomu.

Sasa niende kwa walio na miaka 12 hadi 17, ambao tayari mnawashika.

Sheria ya Watoto imewapa LC wa kijiji mamlaka ya kusikiliza makosa madogo ya watoto: wizi, kupigana, kuingia shamba la mtu, kuharibu mali. Tunaweza kupatanisha, kuamuru fidia, kuomba radhi, kutoa onyo, hata kumweka mtoto chini ya uangalizi wa mtu kwa miezi isiyozidi 6. Polisi nao wamepewa ruhusa ya kumaliza jambo bila kulipeleka mahakamani. Kwa kijana aliyeanza na miaka 16 na genge lake la petroli, huo ndio mlango sahihi. Ujana utamtoa mwenyewe, mradi sisi tusimfungie ndani. Lakini mara ngapi mtoto anapita juu ya vichwa vyetu, anawekwa kituoni kupita saa 24 zinazoruhusiwa, kisha anapelekwa rimandi, mahabusu ya kungoja kesi, kwa wizi wa simu ambayo mwenyewe alikwisha kurudishiwa?

Akifika huko, nani analala naye? Kwetu sisi makao ya rimandi ya watoto ya karibu ni Mbale. Wa Kampala wanakwenda Naguru. Wakishahukumiwa wanapelekwa Kampiringisa, kule Mpigi. Katiba inatulazimisha kuwatenganisha watoto na watu wazima, na jambo hilo limefanya kazi kubwa. Lakini neno "mtoto" lina watu wengi ndani yake. Mvulana wa miaka 12 aliyeshikwa na kuku, na wa miaka 17 anayengoja kikao cha Mahakama Kuu kwa unyang'anyi, wote ni watoto, na kitanda kinaweza kuwa kimoja. Niliishi gerezani muda wa kutosha kujua mafunzo hutoka wapi: hutoka kwa mwenye historia kwenda kwa asiye nayo. Haijawahi kuwa kinyume chake. Watoto wa mitaani wanaokusanywa Kampala, wengi wao wametoka Napak, wilaya ya Karamoja, na kosa lao ni kuomba, wamewahi kupelekwa Kampiringisa hiyo hiyo. Mtoto mwombaji amewekwa na mtoto mporaji, na baadaye tunashangaa mwombaji anapojifunza.

Yuko pia mwingine ambaye lazima nimtetee, ijapokuwa najua nitawaudhi baadhi ya wazazi. Wavulana wengi walio rimandi wamo kwa shitaka la kunajisi, yaani kulala na msichana wa chini ya miaka 18. Baadhi yao wamefanya ukatili wa kweli kwa watoto wadogo, na hao wanahitaji sheria na tiba kwa pamoja. Lakini wengine ni mvulana wa miaka 17 na msichana wa miaka 16 waliopendana, mimba ikaingia, wazazi wakashindwana bei, na upande mmoja ukakimbilia polisi. Tangu mwaka 2007 sheria ya jinai inatambua kwamba tendo kati ya mtoto na mtoto linashughulikiwa kwa Sheria ya Watoto, na inawatazama wote wawili. Mvulana huyu mara nyingi hajawahi kuiba hata embe. Kosa lake la kwanza limekuja na miaka 17, na ni la aina moja tu. Ukimchanganya na yule aliyeanza na miaka 8, kwa sababu tu shitaka la huyu kwenye karatasi linatisha zaidi, umekosea kwa wote wawili: huyu unamharibu, na yule unampuuza kwa kuwa wizi wake "ni mdogo".

Kabla hata ya kuzungumzia mwanzo, tunakwama kwenye umri wenyewe. Polisi anatakiwa kujaza Fomu 24 baada ya daktari kumtazama mshtakiwa. Nimeona vijana wa miaka 15 walioandikwa 18 kwa sababu wana ndevu mbili, na nimeona wa miaka 20 waliojifanya 16. Gerezani nilimpokea kijana ambaye mama yake alikuja siku ya tatu na kadi ya kliniki, ya chanjo, iliyochakaa, ikionyesha miaka 16. Ilichukua muda mrefu kumtoa. Kadi ile ya chanjo ilikuwa na nguvu kuliko karatasi zetu zote, na mama aliihifadhi kwenye Biblia. NIRA, mamlaka ya usajili na vitambulisho, wafike vijijini kuandikisha vizazi, wasingoje mtu afikishe umri wa kitambulisho.

Naomba, Mheshimiwa Waziri, kwamba mtoto wa chini ya miaka 12 akiripotiwa kwa LC mara ya pili, iwe ni wajibu, si hisani, afisa wa ustawi wa jamii kufika nyumbani kwao ndani ya siku chache, na bajeti ya wilaya ionyeshe mafuta ya safari hiyo kwa jina lake. Asiende na polisi. Aende kuuliza amekula nini, analala wapi, nani anampiga, kwa nini hayuko shule. Naomba sisi makamu wenyekiti tufundishwe, kwa maana wengi hawajui hata kwamba kazi hii ni yao. Naomba makao ya rimandi yapange watoto kwa umri na kwa historia, wala yasiangalie jina la kosa peke yake.

Afande Inspekta Jenerali, naomba safu moja tu kwenye fomu zenu za watoto: mara ya kwanza alikuwa na umri gani. Lakini safu hiyo ibaki siri, ifungwe mtoto akitimiza miaka 18, asije mwajiri au mwanasiasa akaisoma. Nalisisitiza hili kwa sababu naiogopa hoja yangu mwenyewe ikiingia mikono mibaya. Mtu anaweza kusema: kumbe tunawajua wahalifu wakiwa na miaka 9, basi tuwaandike majina. Hapana. Kule Boston kulikuwa na wavulana 500 waliokuwa katika shule za kurekebisha tabia, waliochunguzwa tangu mwishoni mwa miaka ya 1930. John Laub na Robert Sampson waliwatafuta miaka mingi baadaye, baadhi yao wakiwa na miaka 70. Karibu wote walikuwa wameacha uhalifu, hata walioanza mapema sana. Tofauti ilikuwa ni lini. Mmoja alitolewa na mke, mwingine na kazi ya kudumu, mwingine na jeshi. Aliyeanza mapema ana njia ndefu zaidi ya kurudi, na njia hiyo inakuwa ndefu zaidi kila tunapomwita mwizi mbele ya watu. Yule mfungwa wa mayai aliniambia kijijini kwao walimpa jina la kejeli akiwa na miaka 9, na hadi mahakama inamhukumu, mashahidi walimtaja kwa jina hilo.

Magereza yetu yana watu zaidi ya 70,000 katika nafasi zilizokusudiwa watu kama 20,000. Nimewahi kusimama mlangoni mwa wodi usiku nikaona watu wamelala kwa zamu, ubavu kwa ubavu, akigeuka mmoja wanageuka wote. Kila mmoja wao nilimpa bakuli la posho na maharage kila siku kwa fedha za serikali. Sijawahi kuona fedha hizo zikitafutwa kwa shida. Siku zote zilipatikana.

Mtoto wa miaka 9 bado yuko hapa. Mke wangu anampa uji asubuhi kabla hajapotea, na jioni mjukuu wangu anamfundisha herufi. Amefika kwenye M. Wiki iliyopita hakuiba kitu. Wiki ya kabla yake aliiba. Anatimiza miaka 10 mwezi Agosti, na sisi nyumbani ni wazee wawili, mmoja ana kisukari.

Kaunta buku iko mezani kwangu. Afisa yeyote mtakayemtuma, akifika stendi ya Busia aulizie makamu mwenyekiti aliyekuwa afande wa magereza. Bodaboda wote wanapajua nyumbani.

Wenu,
Makamu Mwenyekiti wa LC1, mhusika wa mambo ya watoto
Busia, Uganda